Ndovu Hawangoji Lenzi

Priscilla hakuwa mtu wa kelele. Miaka yote aliyoishi chini ya kilima cha Sagalla, watu walimjua kwa kulima, kwa kuimba sauti ya pili kanisani, na kwa kunyamaza mikutanoni. Kilichomfungua mdomo ni mguu wa Ngui.

Ngui alikuwa jirani yake, Mkamba aliyehamia pale na mke na watoto. Ndovu walipoingia mara ya kwanza msimu ule, wakafyeka mahindi ya wote wawili yakiwa yamebeba, walishuka pamoja hadi ofisi ya wanyamapori ya Voi kudai fidia. Afisa aliyewapokea, kijana mwenye shati lililopigwa pasi ikakubali, alizitazama picha walizopiga kwa simu.

"Hapa naona vumbi na doa la kijivu," akasema. "Hili laweza kuwa jiwe. Laweza kuwa ng'ombe wa mtu. Nikipeleka hii juu watanicheka. Leteni picha inayoonyesha mnyama akiwa shambani, waziwazi."

Basi ndovu waliporudi, Ngui akatii. Ilikuwa asubuhi, jua ndio kwanza linachomoza, na dume mmoja alikuwa amebaki nyuma aking'oa mihogo. Ngui akamwendea na simu mkononi, pole pole, ili lile doa lipate kuwa ndovu. Priscilla alikuwa upande wa pili wa ua akimpigia kelele arudi. Akaona masikio yakifunguka. Akaona Ngui akigeuka, akijikwaa kwenye tuta. Dume alimpitia kando tu, na hilo ndilo lililomwokoa, lakini mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili. Simu ilipookotwa, picha ya mwisho ilikuwa ya majani.

Kikundi cha wakulima kilipokutana Jumapili baada ya ibada, mwenyekiti wao, mzee Morris, alifungua kwa maombi na kutaka kusoma ajenda. Priscilla akasimama kabla hajaitwa.

"Mimi nina neno," alisema, na sauti yake ilimshangaza hata yeye. "Yule kijana pale ofisini amemtuma Ngui kwa ndovu. Amemtuma! Mnyama ni wa serikali, mahindi ni yetu, na wa kutafuta ushahidi ni sisi. Haya. Lakini sitaki mtu mwingine hapa amsogelee ndovu na simu. Ile pesa ya asali inunue kamera inayoona mbali."

Hakuna aliyebisha. Mizinga waliyoitundika kwenye ua ili nyuki wafukuze ndovu ilikuwa imeleta asali nzuri, na fedha zilikuwa zimewekwa. Mzee Morris akasema Priscilla aende Voi kuchagua, afuatane na Danson, mweka hazina.

Danson alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Tangu kaka yake afariki alikuwa amejitwika kazi ya kumwamulia Priscilla mambo: mbegu gani apande, mbuzi yupi auze, binti yake Shanice asome shule gani. Alifanya hivyo kwa upole, na upole wenyewe ndio uliokuwa ukimchosha Priscilla. Tena Danson alijiona fundi wa picha, maana alikuwa amewahi kupiga za ubatizo na mahafali kwa kamera ya kuazima.

Katika duka la Voi, msichana wa kaunta aliyeitwa Nthenya aliwawekea kamera mbili mbele. Moja ilikuwa ya aina iitwayo mirrorless, ya wanaoanza, nyepesi, ya kubadilisha lenzi, na lenzi fupi imeshafungwa tayari. Ya pili ilikuwa nene kidogo, lenzi yake haibadilishwi, ila ukibonyeza inajitokeza yenyewe kama kichwa cha kobe na kuvuta vitu vya mbali.

"Hii hapa," Danson akasema papo hapo, akiishika ya kwanza. "Hiyo nyingine, shemeji, ni ya watalii wazee. Mtu wa maana hapigi na hiyo."

"Mimi sitafuti mtu wa maana. Natafuta ndovu." Priscilla akamgeukia Nthenya. "Naweza kujaribu nje?"

Walitoka kibarazani. Nyuma ya soko kulikuwa na mnara wa simu. Kwa kamera ya Danson, mnara ulionekana kama kijiti cha meno, ingawa mbingu na mabati ya mji mzima yalitoka safi kuliko macho yanavyoona. Kwa ile ya pili, Priscilla alibonyeza, mnara ukamjia, ukazidi kumjia, hadi akaona kunguru amejenga kiota juu yake, na kijiti kimoja kinaning'inia.

"Ehee!" akasema.

Nthenya hakutaka kumdanganya. "Mama, hiyo ya kuvuta ina kasoro yake. Haipendi giza. Jua likizama, picha zinatoka chengachenga kama mchanga. Hii ya kubadilisha lenzi inavumilia giza sana, na picha zake ni laini. Lakini kwa lenzi hii iliyokuja nayo, ndovu wako atabaki doa. Lenzi ya kufika kule inauzwa kando, na bei yake inaipita kamera."

"Tutainunua baadaye," Danson akasema.

"Baadaye lini? Ndovu watangoja?"

Priscilla alisimama pale akizipima, moja kila mkono. Neno la giza lilimsumbua, kwa sababu ndovu huingia jua likishatua. Lakini aliwajua: usiku hula, na asubuhi huwa bado wapo, wameshiba, wanamalizia. Mwanga wa asubuhi ungemtosha. Kilichomvunja Ngui mguu si giza, ni umbali.

Jumapili iliyofuata alikieleza kikundi yote, pamoja na kasoro. Wakakubaliana ile ya kuvuta. Danson akaitikia kwa kichwa, akapewa fedha akalipie.

Wiki ikapita. Priscilla alipouliza, Danson alisema zimekwisha dukani, wameagiza Nairobi. Ikapita nyingine. Ndovu wakaja, wakala kunde za mzee Morris, wakaenda zao bila kupigwa picha. "Subira, shemeji," Danson akasema. "Mizigo inachelewa."

Mwisho wa mwezi mpwa wao Lavender aliolewa Wundanyi. Priscilla alivaa gauni lake la kitenge, akapanda milimani na akina mama wengine. Maharusi walipotoka kanisani watu wakashangilia, na hapo mbele yao, akirudi kinyumenyume huku akipiga goti moja kila baada ya hatua chache, alikuwa Danson. Shingoni alining'iniza ile mirrorless ya dukani, na ukanda wake mpya uliandikwa jina la kamera kwa herufi nyeupe.

Priscilla alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Akapasua katikati ya watu.

"Danson. Hii ni ya nani?"

Danson akatabasamu kama mtu aliyeulizwa njia. "Shemeji, tulia. Nitakueleza. Hii ni bora kwa kikundi. Inafanya kazi ya harusi, inaleta pesa, pesa inanunua lenzi ndefu. Nilifikiria mbali kuliko nyinyi."

"Kuliko sisi?"

"Mama Shanice," shangazi mmoja akanong'ona akimvuta mkono, "si hapa, mama. Ni harusi."

"Ni hapa hapa! Ngui amelala na vyuma mguuni. Kunde za mzee Morris zimekwisha. Tulikaa, tukajadiliana, tukakubaliana, na huyu akaitikia kwa kichwa! Kisha akaenda dukani akatuamulia kama watoto. Na mimi akanidanganya machoni, wiki baada ya wiki, eti Nairobi!"

Lavender alikuwa amesimama na shada mkononi, machozi yakimlengalenga, na Priscilla alipomwona moyo ukamrudi kidogo. Siku ile haikuwa ya Danson, wala haikuwa yake.

"Maliza za bibi harusi," akamwambia Danson, sauti chini. "Zote. Upige vizuri. Kisha hiyo kamera unanipa mimi."

Mchana kutwa alisimama nyuma ya shemeji yake kama askari wa benki. Danson alipokwenda kwenye keki, alikwenda naye. Alipokaa kula pilau, akakaa kando yake. Jioni, picha ya mwisho ilipopigwa, alinyoosha mkono, na Danson akauvua ukanda shingoni, akampa.

Mwenye duka la Voi alikubali kubadilisha, ila akasema kamera imeshatumika, lazima waongeze kitu. Kikundi kikaamua malipo aliyopata Danson kwa picha za harusi ndiyo yaongeze. Danson alinuna, lakini alilipa. Uhazina akapewa mke wa Ngui.

Ndovu waliingia tena kabla ya mavuno ya pojo. Kulipopambazuka, Priscilla alipanda jiwe kubwa lililo nyuma ya zizi, mbali kabisa na shamba, akaegemeza viwiko ili mikono isitetemeke. Alianza na picha pana: mlango wake wa buluu, paa la kanisa, kilima, shamba, na madoa manne ya kijivu. Kisha, bila kunyanyuka pale alipo, akavuta. Madoa yakawa migongo. Akavuta tena: jike lenye sikio lililopasuka, mashina ya pojo yakining'inia mdomoni, udongo ukidondoka kwenye mizizi. Alipiga mpaka wakaondoka.

Afisa alizitazama picha hizo moja baada ya nyingine. "Hizi ni nzuri," alikiri. Kisha akaegemea kiti. "Lakini tutajuaje hapa ni shambani kwako?"

Priscilla akairudisha ile pana. Mlango, kanisa, kilima.

"Sawa. Na hasara yenyewe tutaipimaje? Labda ungengoja—"

"Ningengoja nini?" Priscilla alikuwa amesimama. Watu waliokuwa wakisubiri nje wakachungulia mlangoni. "Ulitaka mnyama, huyu hapa. Ulitaka waziwazi, hesabu kope zake. Jirani yangu alikwenda kukuletea picha hii kwa miguu yake, sasa anategemea mmoja. Nyani akivunja kioo cha gari la mtalii, mnaacha chai mnakimbia. Sisi tunaolala na hao wanyama mlangoni, mnatupa masomo ya picha! Leo nitakaa hapa mpaka mtu aje apime."

Na akakaa. Chakula cha mchana kikapita, naye yupo kwenye benchi, kamera mapajani. Mwishowe gari likatoka na mpimaji, na Priscilla akiwa ndani yake. Madai yake yakapokelewa, na siku hiyo hiyo akalazimisha ya Ngui yapokelewe.

Kupokelewa si kulipwa. Mpaka leo wanaambiwa faili ziko njiani, na kila anapoliona lile jengo Priscilla hukaza mwendo kwa hasira ileile. Hajapoa, wala hasemi atapoa.

Lakini habari zilisambaa. Wanawake wa Salaita, kule upande wa Taveta, walimpigia simu wakasema ndovu wamewamaliza nao, na ofisi inataka picha. Alikwenda kwao na kamera kifuani, chini ya leso, betri mbili zimejaa. Kabla hajawaonyesha kitufe cha kuvuta, aliwauliza swali moja.

"Mweka hazina wenu ni nani?"

Wanawake wakatazamana. Mmoja akainua mkono.

"Vizuri," Priscilla akasema. "Wewe njoo ukae mbele."