Marabi Wenye Jina Moja, na Baba Yangu

Kazi yangu hapa Toronto ni kutenganisha wafu. Niko maktaba, upande wa vitabu vya Kiyahudi, na marabi wa zama za kati walikuwa wabahili wa majina. Unamkuta mmoja, halafu mwingine mwenye jina lilelile na la baba lilelile, na wote wameandika kuhusu sheria za nyama. Nikikosea, kwenye orodha ya maktaba mjukuu anapewa vitabu vya babu yake. Hakuna anayelalamika, wote walishazikwa.

Bosi wangu, mama wa Kiyahudi anayekuja kila asubuhi kutoka Richmond Hill, alinifundisha pa kuanzia. Rabi wa Ujerumani akiwa na jina la babu yake, mara nyingi babu alikwisha kufa mjukuu alipozaliwa. Huko hawampi mtoto jina la mzee aliye hai, malaika wa mauti asije akawachanganya, akamchukua asiyetumwa kumchukua. Akiwa wa Hispania, ambako mtoto hupewa jina la mzee aliye hai, huenda babu alikuwepo na alimpakata.

"Uliza kwanza ametoka wapi," aliniambia.

Niliipenda sana kanuni hiyo mpaka mke wangu alipojifungua mtoto wa kiume.

Kwetu Tanga, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Baba tunaishi naye hapa Toronto, mtaa wa Mount Dennis, moyo wake unamsumbua, na tangu mimba ilipojulikana alikuwa akimsubiri somo yake. Siku ya saba ilipokaribia, mimi nikaanza kusema tusiharakishe kutaja jina.

"Seriously?" mke wangu akauliza. "Unaogopa Wajerumani?"

"Naogopa," nikasema. Na niliogopa kweli. Baba hakuweza tena kupanda ngazi bila kusimama katikati, na sikutaka kuwa mimi niliyemkabidhi kwa malaika huyo.

Siku ya saba wageni walikuja, pilau ikaiva, mtoto akanyolewa. Baba alikaa kwenye kochi, kanzu imepigwa pasi, mjukuu mapajani. Nilimnong'oneza kwamba jina tutalitaja baadaye.

"Baadaye lini?" akauliza. "Mnangoja nife?"

Kwa kanuni ya Ujerumani, jibu lilikuwa ndiyo. Nilimtazama, nikaona machozi yanamlengalenga, na roho ikaniuma. Nikalitaja jina kwa sauti, hata waliokuwa jikoni wakasikia.

Baba akamwinamia mtoto. "Hujambo, somo yangu?" Kisha akaagiza pilau.

Niliporudi kazini, bosi aliniuliza mtoto anaitwa nani.

"Jina la baba yangu," nikamjibu.

Akauliza, "Mzee yupo?"

"Yupo. Jana alikula sahani mbili, na daktari alishamkataza."

Alifikiri kwa makini, vilevile anavyowafikiria marabi, kisha akanishika mkono.

"Basi ninyi ni watu wa Hispania," akasema.