Vifungo Vyenye Matundu Manne

Fundi alikuwa mwanamke wa maneno machache hata kabla mumewe hajafa. Baada ya mazishi yakapungua zaidi, yakabaki ya vipimo tu: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Wateja walisema ulimi wake ameukunja ndani kama pindo.

Ulifumuka Jumamosi alasiri tu. Chumba cha nyuma cha duka lake kilikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa, na kwenye meza hiyo, kwa miaka sita, watu watano walicheza mchezo wa kusimuliana. Karani wa posta ndiye aliyekuwa msimulizi: aliwaambia wako wapi na wamekutwa na nini, na dado ikaamua nani kafaulu. Mwalimu wa hesabu alikuwa mpiga upinde. Dereva wa lori, na tumbo lake lote lile, alikuwa mwizi mwembamba apitaye kwenye tundu la ufunguo. Mdogo wake Fundi, muuguzi, alikuwa mwimbaji. Fundi mwenyewe alikuwa Bibi wa Kizingitini, ajuza mganga asiyemwogopa mfalme wala jini. Kwa kinywa cha Bibi alitukana, alibembeleza, alicheka. Mara moja alilia, na wote wakakubaliana kwamba aliyelia ni Bibi.

Sheria ilikuwa moja: anayekufa mchezoni hafufuki. Fundi aliijua sheria hiyo kama mtu anavyojua kwamba uani mwake kuna kisima kirefu.

Uchawi mkubwa ulihitaji watu wengi. Karani aliuita kago la pamoja, na alishikilia kwamba kago hukolezwa na mioyo ya watu, si maneno yao. Basi Fundi alishona mfuko, akatoa na vifungo. Kila mchezaji isipokuwa Karani, na kila mtazamaji wa kwenye benchi, maana hao walihesabiwa kuwa wanakijiji, alitia kifungo kimoja kwa siri: cheupe kama moyo wake upo, cheusi kama haupo. Kisha dado ikarushwa. Vyeusi vikifika namba ya dado, kago linapasuka, na aliyesimama katikati anaungua.

Jumamosi hiyo kijiji cha mchezoni kilizingirwa na moto, na wa kusimama katikati alikuwa Bibi.

Fundi hakuiogopa meza. Aliogopa benchi. Walikaa watano pale, wakiongozwa na kinyozi wa duka la pili.

"Leo kizee kinachomwa kama hindi!" kinyozi alipiga kelele.

"Wewe kanyoe vichwa vya watu," Bibi akamjibu. "Hiki kina mwenyewe."

Benchi likaangua kicheko. "Aungue tu! Mdomo umezidi!"

Mdogo wake akamshika mkono. "Usiwasikilize, dada. Sisi tupo."

"Tupo, Fundi," Dereva akaitikia. "Hatujaanza leo."

Mdogo mtu akauanza wimbo wa kago, wengine wakapokea. Alikuwa na sauti tamu, ileile aliyomwimbia dada yake wiki za msiba. Mfuko ukapita mkono kwa mkono. Kinyozi alitia chake huku akikonyeza. Karani akarusha dado: tatu.

Akamwaga vifungo mezani. Vyeupe sita. Vyeusi vitatu.

"Kago limepasuka," Karani alisema taratibu. "Bibi wa Kizingitini ameungua."

Mwalimu aligeukia benchi, haraka mno. "Mmefurahi? Mna roho mbaya nyinyi!"

"Mimi?" Kinyozi alisimama. "Wallahi nimetia cheupe! Nikimuua huyu, Jumamosi ijayo nitukanwe na nani?"

Fundi hakuwasikia. Wengine huona rangi ya kifungo. Yeye huona matundu. Siku alipoviandaa, benchi aliwapa vifungo vya shati, vya matundu mawili, kwa kuwa alikuwa navyo tele. Wa mezani aliwachagulia vya makoti, vizito, vya matundu manne, kwa mapenzi tu, bila kumwambia mtu. Akavigeuza vile vyeusi kimoja kimoja, kama anayetafuta kosa lake mwenyewe. Manne. Manne. Manne.

"Ni nyinyi," alisema.

Dereva akaanza kukagua kucha zake. Kinyozi akaguna, "Kikulacho..." Hakumalizia, na hakuna aliyehitaji amalizie.

"Dada, ni mchezo tu," mdogo wake alisema.

"Mlikaa kikao lini?"

"Alhamisi. Kwangu. Huongei na mtu ila ukiwa Bibi. Mimi ndugu yako nikikuuliza habari, unanijibu kwa kichwa. Tukaona yeye akiondoka, labda wewe utarudi."

"Na wimbo?"

Mdogo mtu akainama.

Alhamisi. Alhamisi Fundi alishinda kwenye cherehani na sare ya kazi ya mdogo wake, akaifumua kola mara mbili ili isimkwaruze shingo.

Jibu likamjia, kali, lenye mbwembwe zote za Bibi. Likafika kwenye meno. Kisha akakumbuka kwamba mwenye maneno hayo ameshakufa, akalimeza.

"Jumatatu nina koti la kukata," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba. "Naihitaji meza."

"Na Jumamosi?" Karani aliuliza.

Fundi aliweka mbele ya kila mmoja wa wale watatu kifungo chake cheusi. "Meza itakuwa na kazi."

Wakatoka bila kutazamana. Kinyozi ndiye aliyebaki mlangoni, akizungusha kofia mikononi.

"Nitukane basi, Fundi. Hata kidogo."

Fundi akatikisa kichwa. Akaitungua sare ya mdogo wake msumarini. Ilikuwa imebakiza kushonwa kifungo kimoja cha mwisho, naye akavuta kopo la vifungo, akaanza kutafuta kinachofanana na vingine.