Mkate wa Dagaa

Mjukuu wangu amefungua boksi la pizza, na harufu ya ngano na vitunguu vilivyoungua kidogo imenirudisha Ujiji, kwenye tanuri la udongo la mama wa Kikongo, jirani yetu. Miaka ile ya uhaba, dukani ngano haikuwapo. Yake ilivushwa ziwani kwa magendo, naye alitumegea sisi watoto mkate bapa wenye dagaa juu, wa moto, tukipuliza vidole.

Siku moja mjumbe wa nyumba kumi, jicho la serikali mtaani kwetu, alinishika kichwa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umekula nini leo, mwanangu?”

“Mkate wa ngano,” nikajibu kwa majivuno.

Kesho yake tanuri lilikuwa limebomolewa, na mama yule hatukumwona tena.

Simu inaita. Ni binti yangu.

“Mama, mmekula nini?”

“Ugali,” namjibu. Mjukuu wangu ananitazama, mdomo umemjaa.