Sahani ya Bruda Octave

Melania alizaliwa Morogoro, akaolewa na mkimbizi wa siasa wa Afrika Kusini, akaja naye Johannesburg mwaka 1994. Miaka mitatu baadaye akamzika. Tangu hapo aliwapikia watawa wa monasteri ndogo katika mtaa wa Observatory, na kazi hiyo ndiyo iliyomlea binti yake, Beatha. Alikuwa mama asiyepitwa na jambo. Alimjua mtu kwa kishindo cha viatu kabla hajafungua mlango.

Kwaresima ya mwaka 1999, Bruda Octave alianguka baada ya chakula cha mchana akafa. Polisi wakasema ni sumu. Supu aliipika Melania. Hakuna aliyemnyooshea kidole, ila jioni ile vyungu vilirudi jikoni vimejaa. Mpelelezi akamwambia Jumatatu angempeleka kituoni, na atafute mtu wa kukaa na mtoto wake. Neno hilo la mwisho lilimkata maini. Akamwomba jirani yake Denise, akapeleka na mfuko wa nguo za Beatha.

Lakini kuna jambo lilimkereketa. Supu waliila wote. Kilichokuwa cha Octave peke yake ni kopo la asali ya kikohozi lenye kifuniko chekundu, alilolificha kwenye droo ya meza. Na asubuhi baada ya kifo, Bruda Marcellin, aliyehudumu mezani, alimletea Melania kopo hilo akamwambia alitupe, limeingia sisimizi. Melania aliitikia, ila kwao vitu vya marehemu havitupwi kabla ya kuanua matanga. Alipolifungua, hakuona hata sisimizi mmoja.

Watawa wale walikuwa na desturi: mwenzao akifa, sahani yake huwekwa mezani siku thelathini, na chakula chake hupewa maskini. Maskini wa zamu hiyo alikuwa Léonce, Mrundi aliyeshona viatu Doornfontein. Alikula kwenye benchi karibu na mlango, watawa wakimwona.

Jumamosi Melania alipanga sinia: supu, mkate, na kopo la asali lenye kifuniko chekundu vilevile. Watawa walikula kimya, kama kawaida yao. Vijiko tu ndivyo vilivyosikika. Melania alisimama mlangoni. Hakumtazama Léonce. Alimtazama Marcellin.

Léonce alichovya mkate kwenye asali, akauinua.

"Usile," Marcellin alisema. Alikuwa amekwisha simama. "Mzee, weka chini."

Abate, mkuu wao, akauliza kwa nini. Melania akachukua kijiko, akachota asali, akailamba mbele yao wote.

"Hii nimenunua jana dukani Mayfair, Bruda. Ile yako nimeifunga kwenye gazeti, inamngoja mpelelezi."

Marcellin alikaa taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Octave alijua nilichofanya nyumbani wakati wa mauaji," alisema. "Angesema Pasaka."

Léonce aliuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuimalizia asali ile.

Jumatatu mpelelezi alikuja, akabeba kifurushi na Marcellin. Vyungu vilirudi vitupu. Mfuko wa nguo za Beatha, hata hivyo, ulibaki kwa Denise wiki nzima zaidi. Denise alipomcheka, Melania alimwambia auache tu pale pale, mfuko hauli chakula.