Mama mkwe alipong'arisha maganda ya risasi ya jirani

Wakuu, salaam. Hiki kisa sijakiongezea chumvi, mke wangu ni shahidi, ingawa mpaka leo hataki kizungumzwe.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulikuwa tunakaa Mansfield, huko Marekani, mimi naendesha lori mji wa jirani, Grand Prairie. Jirani yetu Bwana Dale, mzee wa Kizungu, alikuwa anajaza risasi zake mwenyewe kwenye gereji. Ganda likishapigwa analiokota, analitia baruti na kichwa kipya, analipiga tena.

Macho yake yakaanza kufifia, akanifundisha kumkagulia. Unatazama mdomo wa ganda kama una ufa. Halafu karibu na kitako: ukiona mstari unaong'aa umelizunguka, hapo shaba imekonda. Litakatika ndani ya bunduki, na uso wa mpigaji uko hapo hapo.

Siku ya off nikakagua ndoo nzima nyumbani. Mazima kwenye sinia, mabovu kwenye bakuli. Kesho yake nikaenda job.

Sasa mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja. Wa kwetu mnajua, shaba chafu ndani ya nyumba ni aibu. Mama akakata ndimu, akazoa majivu ya jiko la kuchomea nyama, akakaa kitako.

Narudi nakuta yote kwenye sinia moja, yanawaka. Na ule mstari unaong'aa utauonaje wakati kila kitu kinang'aa?

Mimi na mama mkwe hatusemeshani moja kwa moja, kwa heshima. Kila neno linapitia kwa Zuhura, mke wangu.

"Mwambie mama ahsante."

"Mama, anasema ahsante."

Mama, aliyekuwa kiti cha pili kutoka kwangu: "Mwambie asijali, yalikuwa yanatia kinyaa."

Sijajipanga, Bwana Dale huyo mlangoni. Kesho ana mashindano ya kulenga shabaha, kafuata maganda yake. Kuona sinia akavua kofia. Mama akatengeneza mtandio, uso umejaa furaha.

Niliogopa, wakuu. Nikinyamaza, mzee anaweza kupofuka. Nikisema, nimemuaibisha mama wa mke wangu mbele ya mgeni.

Nikatabasamu meno yote nje, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusifia, "Mzee, mazima na mabovu yamechanganyika. Usipige hata moja."

Zuhura akaangalia dari.

Bwana Dale akamgeukia Zuhura. "Mwambieni ni mazuri mno kupigwa. Abaki nayo."

Zuhura akatafsiri. Mama akatokwa na machozi, akauliza kama mzee ana mengine.

Basi kila wiki Bwana Dale akawa analeta bakuli la mabovu matupu, anakunywa kahawa, anaondoka. Mazima yake akayaficha, meusi tii, wenzake kwenye mashindano wanamcheka. Mama anasugua tu.

Siku ya kumpeleka airport, mama akamwambia Zuhura kwenye gari:

"Mwambie mumeo amwambie yule mzee, maganda yake yote yana nyufa. Nilijua tangu bakuli la kwanza. Mikono imeniuma miezi, ila nilimwonea haya, mtu mzima."

Nilichojifunza: heshima iwepo, lakini mabovu yafungie kabatini kwanza.

Nyie mngemwambiaje mama mkwe? Semeni ukweli, hapa hayupo.