Jogoo wa Kioo Katika Jiko la Mama

Tangu mama atutoke, mimi na dada yangu tumekuwa tukigombania jiko lake. Nasema ile nyumba ya jikoni yenyewe, ya matofali ya kuchoma na mabati, nyuma ya nyumba kubwa, hapa pembeni mwa mji wa Kakamega nilipozaliwa na ambapo sina mpango wowote wa kuhama. Mimi nilikuwa nimelijaza vioo. Yeye alitaka kulijaza sufuria.

Vioo vilianza hivi. Nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mwalimu alinisomea kwa sauti ya chini, kwa huruma. Nikapelekwa Nairobi kwa fundi wa vioo vya urembo: sahani, vivuli vya taa, madirisha ya rangi. Fundi nilimvumilia, Nairobi ndiyo iliyonishinda. Nikarudi nyumbani na kisu cha kioo mfukoni, kile chenye kigurudumu kidogo mahali pa makali, pamoja na ujuzi wa kutosha kuudhi familia nzima.

Dada naye alikuwa ameolewa Matete. Ndoa ilimshinda, au yeye ndiye aliyeishinda, inategemea anayesimulia ni nani. Alirudi na masanduku yake, akafungua mlango wa jiko la mama, akakuta tanuri la matofali limekaa palipokuwa na mafiga.

“Yaya,” akaniita, kama tunavyoitana kwetu kaka na dada, ingawa alilitamka kama mtu anayetema mbegu. “Hii ni kaburi ya nani?”

“Ni tanuri.”

“Inapikanga nini?”

“Chupa.”

“Mama alikufa akijua?”

Ugomvi ulifika kwa baba mdogo, ambaye ndiye mzee aliyebaki kwetu. Wakati huo kina mama wa kanisa walikuwa wameniagiza kioo cha rangi cha dirisha dogo la mviringo juu ya madhabahu, lililokuwa limezibwa kwa kipande cha gunia. Walitaka jogoo, yule aliyewika Petro alipokana. Baba mdogo alitusikiliza, akachoka mapema, akaamua: “Jogoo ya kanisa ikitoka mzima, jiko ni ya huyu. Ikivunjika, ni ya dada yake. Sasa mniache.”

Kwa hiyo jiko lote la mama lilining'inia kwenye kuku mmoja. Nilifanya kazi siku hizo kwa bidii ambayo watu wa nyumbani hawakuwahi kuiona kwangu, na hawakuipenda.

Watu hudhani kioo hukatwa. Hakikatwi. Unakikwaruza mstari mmoja, mara moja tu bila kurudia, halafu unakigonga kwa chini mpaka kikubali chenyewe kuachana. Nilipasua chupa za bia zikawa manyoya ya kahawia, chupa za soda zikawa mkia wa kijani. Vipande nilivipanga juu ya kigae kilichopakwa chokaa ili visigande, tayari kwa moto utakaovishikanisha viwe kitu kimoja. Ila si kila kioo hupatana na kingine. Unachukua kipande cha huku na cha kule, unavilegeza motoni, unavishikanisha na kuvivuta viwe uzi mwembamba. Uzi ukipoa umenyooka, vinapatana. Ukijikunja, kimoja kinanywea kuliko chenzake, na siku moja vitapasuana.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. “Unavuta tambi?”

“Napima.”

“Pima tu. Sisi wengine tunapimanga unga.”

Uzi ulinyooka kabisa. Nikamwonyesha. Akauvunja kwa kucha.

Siku ya kuchoma niliamka alfajiri, nikawasha makaa, nikaongeza moto pole pole. Asubuhi ilipokuwa inaisha, nikachungulia kwenye tundu: jogoo alikuwa mwekundu wote, kingo zake zimelainika, vipande vyote vimemezana. Hapo kazi iliyobaki ni ile fundi wangu aliyoiita kulaza. Unaziba kila tundu kwa udongo, unaacha tanuri lipoe lenyewe mpaka kesho yake. Kioo kikipoa haraka, nje hujibana wakati ndani bado pana moto, nacho hupasuka. Kazi ya kulaza ni kutofanya lolote. Katika ufundi wote duniani, huu ndio niliozaliwa nao. Niliziba tanuri, nikala, nikaenda kulala mimi pia.

Mvua ya mchana ilikuwa imeanza niliposikia harufu. Nililala nikiifurahia kidogo kabla akili haijafika. Ilikuwa harufu ya viazi vitamu.

Nilikimbia bila viatu. Udongo wa mlango wa tanuri ulikuwa umebanduliwa, matofali mawili yamewekwa pembeni, na dada amechuchumaa hapo akigeuza viazi kwa kijiti. Mlango wa jiko ulikuwa wazi nyuma yake na upepo wa mvua ukiingia wote. Kabla sijafungua mdomo, jogoo aliongea mwenyewe. Alisema tik. Kisha, kwa utaratibu, tik nyingine.

“Umefanya nini?”

“Moto ilikuwa inapotea bure,” akasema. “Tangu asubuhi umechoma makaa ya watu halafu unafungia joto ndani kama mwizi.”

“Ulijua itapasuka!”

“Nilijua.” Akatoa kiazi, akakipuliza. “Lakini pia nilikuwa na njaa.”

Nilimwita majina ambayo mama angenichapa kwayo hata leo. Yeye akayarudisha, moja moja, akiongeza ya kwake. Akamalizia kwa lile lililoniuma kweli: “Baba mdogo alisema ikivunjika. Hakusema ivunjwe na nani.”

Kioo kilichopasuka kwa baridi si maiti. Ukikirudisha motoni taratibu, kingo hulegea zikashikana tena. Kesho yake nikawasha upya. Safari hii niliweka kiti mlangoni, nikakaa, mgongo kwenye fremu, miguu kwenye fremu ya pili. Nilikaa asubuhi yote, mchana wote, mvua ikaja ikapita. Dada akapika nje juu ya mawe, chini ya mwavuli, na kila alipopita alinisemesha.

“Linda, linda. Hata mbwa wa jirani analindanga, na yeye hana kidato cha nne.”

“Mbwa halindi kitu kwa sababu yako.”

“Obusuma iko tayari. Njoo ule.”

“Lete hapa.”

“Hapa si hoteli.” Akala ugali wote mbele yangu, akilamba vidole kimoja kimoja. Kitoweo kilikuwa kuku wa supu, tena. Alichagua makusudi.

Siku iliyofuata nilifungua tanuri mwenyewe, likiwa baridi kama mlango wa kanisa. Jogoo alikuwa mzima. Nilimgonga kwa ukucha akalia vizuri, bila mkwaruzo wowote kwenye sauti. Ila pale palipopasuka palibaki mstari mweupe wa mapovu madogo sana. Ulipita shingoni, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Mwenyekiti wa kina mama alikuja siku hiyo hiyo, kitambaa kichwani na miwani mkononi. Baba mdogo aliketi kama hakimu. Dada alijiegemeza ukutani. Nilimwinua jogoo kwenye mwanga.

Mama yule akavaa miwani. “Ni mzuri, kijana wetu,” akasema, na mimi mwenye mvi nikatabasamu kama mtoto. Kisha akasogea. “Lakini huyu amechinjwa.”

“Hapana, mama, huo ni mshono tu wa...”

“Naona kisu kimepita hapa.” Akapitisha kidole kwenye mstari. “Jogoo wa Petro alikuwa hai. Huyu angewika na nini? Watoto wataangalia madhabahu waanze kufikiria chakula cha mchana.”

Baba mdogo alikohoa. Nilijua kikohozi hicho ni kicheko kilichoheshimu wageni.

“Dirishani tutaweka nyavu ya mbu,” mama yule akasema, akanipa mkono, akaenda zake.

“Hakuvunjika,” nikamwambia baba mdogo. “Ulisema ikivunjika.”

“Mwanangu, kuku akikatwa shingo, wewe unasemanga bado ni mzima?” Akainuka, akachukua fimbo yake. Jiko likawa la dada.

Hakunisaidia kubomoa tanuri. Alisimama na kikombe cha chai akinielekeza tofali la kuanzia. Alidai nimwachie matatu ya mafiga, nikamwachia yaliyopasuka. Mengine niliyabeba kwa karai mpaka nyuma ya jiko, nikasimama, nikalowesha kidole kuangalia upepo wa mchana unatokea upande gani. Hapo ndipo nilipoanza kuyapanga.

Kichwa chake kikatokea dirishani. “Unajenga nini hapo?”

“Tanuri.”

“Moshi yote itaingia huku kwangu!”

“Itapita tu. Haina mpango wa kuhamia.”

“Nitachimba choo hapo ulipo, wewe yaya, unasikia?”

“Chimba. Nitahitaji udongo.”

Alifunga dirisha kwa kishindo. Nikamsikia ndani akiburuta meza ya kulizibia, akinitukana kwa kila hatua. Niliendelea kupanga matofali.