Siku Niliyotaja Jumatano

Siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ilianza kama siku nyingine yoyote. Saa nne asubuhi mawe ya mlima wetu kule Ilemela, Mwanza, yalikuwa yameshapata moto, na ziwa lilionekana kipande tu kati ya mabati ya nyumba za chini. Nilikuwa mapokezi katika kituo cha afya kilichoniajiri, nikimshikia zamu dada aliyekwenda kunywa chai. Nakuita mwanangu ingawa sina mvi hata moja. Kazini, aliyekutangulia kukosea ni mzazi wako.

Nilikuwa na miezi minne tu tangu nitoke chuoni. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha kompyuta za mapokezi, maabara na dirisha la dawa ziwe mtandao mmoja, na kuingiza humo mafaili ya wagonjwa yaliyokuwa kwenye makabati ya Mzee Masanja. Huyu alikuwa mtunza masjala wetu, Msukuma wa Kisesa, mwenye funguo kiunoni na maneno machache. Hakuwahi kumpa mtu faili lisilomhusu. Shemeji yake aliwahi kuomba, wakakaa mwaka mzima bila kusalimiana.

Mimi nilikuwa mtu wa kuhoji. Chuoni niliwahoji wahadhiri, nyumbani nilimhoji padri, na hata methali sikuziacha. "Siri ya mtungi aijuaye kata," wanasema. Nikauliza: na kata ziko ngapi? Ungedhani mtu wa namna hiyo ni mgumu kudanganywa. Ngoja uone.

Nilimweleza Mzee Masanja kama nilivyofundishwa, kwamba usalama wa taarifa husimama juu ya mambo matatu. Taarifa isionwe na asiyehusika. Isibadilishwe wala kuharibiwa. Na anayeihitaji aipate anapoihitaji. Nikamwonyesha programu ya kuzuia wavamizi, nikamwonyesha jinsi kila mfanyakazi alivyo na nenosiri lake mwenyewe.

"Na wewe unafungua yapi?" akauliza.

"Yote, mzee. Mimi si ndiye fundi?"

"Fundi wa kufuli analala kwenye kila chumba?"

Nikacheka. Niliona ni maneno ya mzee anayeogopa kompyuta.

Basi asubuhi ile akaingia mama wa makamo, kitenge safi, mfuko mkononi. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba huku akinitazama usoni.

"Wewe si wa hapa. Wewe ni wetu," akasema, kisha akahamia Kihaya. Nyumbani ni wapi? Ukoo gani? Na mama yako je? Nilipotaja ukoo wa mama, akapiga makofi. Ndio wake! Basi yeye ni mama yangu mdogo, na mimi nimekaa Mwanza kama yatima wakati ndugu ninao. Akatoa mfukoni pakiti ya senene, wale panzi wa kwetu, waliokaangwa vizuri. Mwanangu, kama hujazaliwa Kagera hutajua uzito wa kitu hicho. Senene wa mama mdogo huwakatai.

"Waitu, ndugu yetu, nimevuka ziwa pale Busisi jana kwa ajili ya mkamwana wangu," akasema. "Anaumwa, anatuficha. Sitaki kujua ugonjwa wake, hayo ni yenu wasomi. Niambie tu siku anayorudi, nimsindikize. Mgonjwa hasindikizwi?"

Akataja jina. Hapa nitamwita Veronika, nawe usiulize la kweli.

Mimi niliyehoji kila kitu sikumhoji mama yule hata swali moja. Nilifungua faili. Juu kabisa, kwa herufi nyekundu, daktari alikuwa ameandika kwamba Veronika amejifungua kwa upasuaji mara mbili, na mara ya pili alitokwa damu nyingi, karibu tumpoteze. Asibebe mimba kwa miaka mitatu. Hilo sikulisema. Nilijiona mwaminifu sana kwa kutolisema.

"Jumatano, mama," nikasema. "Chumba namba sita."

Sikuwaza kwamba kila mtu wa mtaa ule anajua chumba namba sita siku ya Jumatano ni nini. Ni uzazi wa mpango. Kina mama wanapanga foleni pale kwa ajili ya sindano.

Jumatano ilipofika nilikuwa ukumbini nikivuta waya. Mama mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya mlango ule, mikono kiunoni.

"Kumbe huku ndiko sokoni kwako!" akamwambia msichana mwembamba aliyekuwa wa tatu kwenye foleni. "Mwanangu analala akingoja mtoto wa kiume, mke anakuja kuwafungia wajukuu zangu mlango!"

Foleni nzima ikageuka. Wengine walicheka, nadhani kwa aibu. Veronika alikunja kadi yake mara mbili, akaitia kwenye kanga, akaondoka bila sindano. Hakurudi mwezi ule, wala uliofuata.

Nilikwenda masjala nikamwambia Mzee Masanja yote. Hakunikemea kwa sauti.

"Mashine yako huandika nani kafungua faili?"

"Huandika."

"Nisomee."

Nikasoma jina langu, na saa nne na dakika kumi na mbili.

"Sisi tunajenga zizi la miiba pande zote," akasema, "halafu mchungaji mwenyewe anamfungulia mgeni kwa sababu amemsalimia vizuri."

"Nitamfuata nyumbani kwake, mzee. Nimwombe radhi, nimwambie arudi."

"Utafika pale useme unatoka wapi?"

Kweli, hata kuonekana kwangu mlangoni pake kungekuwa siri nyingine iliyomwagika. "Maji yakimwagika hayazoleki." Methali hiyo nimeihoji sana, nikitafuta pa kuivunja. Sijapapata. Jioni ile nilijiondolea kwa mkono wangu ruhusa ya kufungua mafaili ya wagonjwa.

Miezi ilipita. Siku moja nilikuwa nabadilisha kibodi mapokezi, akaingia mama mjamzito, tumbo limekwisha kuwa kubwa. Nikamtambua: Veronika. Dada wa mapokezi akamuuliza jina, akataja jina ambalo si lake. Amewahi kutibiwa hapa? Hapana. Dada akaanza kumwandikia faili jipya, jeupe, lisilo na neno hata moja jekundu.

Hapo ndipo nilipoelewa somo ambalo nililifaulu chuoni bila kulielewa. Nilitoboa siri, na sasa usahihi nao ulikuwa umekufa, na daktari aliyehitaji taarifa ile asingeipata. Yale mambo matatu si matatu. Ukichomoa moja, yote yanalala. Na safari hii aliyekuwa chini yalipoanguka alikuwa mwanamke mwenye damu ya kumwagika.

Nilimwomba tusogee pembeni, chini ya dirisha la maabara.

"Dada, siku ile ya Jumatano, aliyemwambia mkweo ni mimi."

"Wewe? Na wala sikujui."

"Hunijui. Kuna maneno ya daktari kwenye faili lako la zamani. Yanaweza kukuokoa. Naomba uwaruhusu wayaunganishe."

"Nani atayasoma?"

"Daktari na muuguzi wa zamu. Mimi siwezi tena. Na kila anayefungua, jina lake linabaki."

"Jina kubaki kunanisaidia nini mimi?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo. Nadhani ni kutokuwa na jibu kwangu kulikomfanya arudi mezani na kutaja jina lake la kweli. Wiki ile alipewa rufaa kwenda hospitali kubwa, damu iandaliwe mapema.

Alijifunguaje? Sijui. Muuguzi aliyempokea hunywa chai nami karibu kila siku, na swali limenifika mdomoni mara nyingi. Sijamuuliza. Halinihusu.

Mwanangu, unaanza kazi hii na umejifunza kuwaogopa wadukuzi wa mbali. Waogope, lakini zaidi mhoji anayejua kwenu. Heshima mpe, kiti mpe, chai mpe. Faili la mtu usimpe. Usijipe ruhusa usiyoihitaji, maana usichoweza kukifungua hutashawishiwa kukifungua. Usiseme "nimetaja siku tu." Hakuna taarifa ndogo mpaka ujue anayeitaka ataiunganisha na nini. Na ukikosea, sema mapema, kabla mgonjwa hajajificha hata kwa daktari wake.

Mungu akupe masikio ya kusikia na mdomo mzito. Wanaokukabidhi majina yao wazeeke salama, wasijue hata kwamba ulikuwepo.